Mwanza: mita 60 za ziwa zipo, njia ya kushukia ndiyo imefungwa. Tufanyeje?

Jiwe la Ziwa

Mwangaluka wakuu.

Mada ni ya ziwani, kwa hiyo wa Mwanza, Musoma, Geita na Bukoba sogezeni viti.

Mtaani kwetu (sitautaja, mgogoro bado wa moto) kulikuwa na kichochoro cha kushukia ziwani kati ya viwanja viwili. Hakikuwa na kibao wala jina. Kina mama walishukia hapo na nguo za kufua, vijana wa mitumbwi walipandishia hapo dagaa alfajiri, watoto waliogelea likizo nzima, na makanisa zaidi ya moja yalibatizia hapo. Kisha mtu mmoja akanunua viwanja vyote viwili. Ukuta ukapanda, geti likawekwa, mlinzi akakaa. Sasa ukitaka kugusa maji unapanda bodaboda hadi mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, au unaingia kwake kwa kiingilio ambacho eti "kinakatwa kwenye vinywaji". Bibi aliyezoea kwenda kufua atakatiwa kwenye kinywaji gani?

Kinachonikera si huyo bwana peke yake. Kila nikifungua mdomo mtaani naambiwa "tulia, mita 60 ni za umma, hana ujanja". Wakishasema hivyo wanarudi kwenye bao. Nimekaa nikaisoma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57 chenyewe, si vipande vya WhatsApp. Kinasema kwamba ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto au bwawa, hairuhusiwi shughuli ya kibinadamu ya kudumu, au inayoweza kuathiri uhifadhi wa eneo hilo. Basi. Hakisemi "na wananchi wapite". Kinamzuia yeye kujenga, hakinipi mimi mlango.

Na huyu bwana analijua hilo vizuri. Ukuta wake mkubwa uko huku juu barabarani, nje kabisa ya hizo mita 60. Kule chini ameotesha nyasi, ameweka viti vya plastiki na miavuli. Akija mkaguzi na futi yake atapima, atakunywa soda, ataondoka. Ufukwe haujajengwa, umezungushiwa tu.

Maswali yangu: njia ya kufikia maji ya umma ni ya nani? Sheria gani inaigusa? Na kama kuna mtaa uliowahi kuirudisha njia yake, walianzia ofisi gani?

Nawasilisha.

Kaka wa Igoma

Sisi wa Igoma ziwa tunaliona tukishuka mjini kwa daladala. Ila nimekaa siti ya mbele kabisa na karanga zangu.

MwanaTanga

Mbona mnajitesa? Huku baharini maji yakipwa unapita mchangani mbele ya hoteli zote, unasalimiana na wazungu, unaendelea na safari yako. Ukuta wao wanabaki nao huko juu. Shukieni mwaloni halafu mtembee pembezoni mwa maji mpaka kwenu.

Mpimaji Mstaafu

@MwanaTanga bahari ina kupwa na kujaa, kila siku inawaachia kipande cha mchanga kisicho na mwenyewe. Ziwa halina hilo. Maji yanagusa jiwe, jiwe linagusa ukuta wa mtu. Halafu hii ni Mwanza, kuna mawe pembezoni mwa maji makubwa kuliko nyumba yako. Utapita na mguu gani?

Nitarudi jioni. Mada hii ndiyo iliyonisomeshea watoto.

Boss wa Bichi

Nitapigwa mawe lakini acha niseme. Mimi nina sehemu ndogo ya kupumzikia ziwani, si hapo mjini.

Mnasema "ufukwe wetu", ila magugumaji yakija ni yangu. Upepo ukiyasukuma usiku, asubuhi ni mimi ninayelipa vijana wayavute nchi kavu. Chupa, pampasi, vichwa vya samaki, vyote vyangu. Mtoto wa mtu akizama mbele ya eneo langu, wa kwanza kuitwa kituoni ni mimi na mlinzi wangu, hata kama mtoto mwenyewe alipitia kwa jirani. Nalipa kodi ya ardhi kila mwaka, nalipa leseni, nimeajiri watoto wa hapo hapo kijijini.

Sasa swali kwa mleta mada, na alijibu kiume: hicho kichochoro kilikuwa kwenye ramani? Au mwenye viwanja alikuwa yuko Dar, kiwanja kimeota majani, watu wakakatiza kwa kuwa hapakuwa na wa kuwazuia? Kama ni hivyo, mlipita kwa hisani ya mtu ambaye hata hakujua anatoa hisani. Mkianza kugeuza kila njia ya mkato kuwa haki, hakuna atakayeacha kiwanja wazi hata wiki moja. Kila mtu atajenga ukuta kabla ya choo.

Kaka wa Igoma

"Ukuta kabla ya choo." Hahaha, si ndivyo wanavyofanya tayari?

Jiwe la Ziwa

@Boss wa Bichi kwenye ramani sijui. Ninachojua ni kwamba marehemu babu alishusha mtumbwi hapo kabla hujanunua kiti chako cha kwanza cha plastiki.

Wakili wa Mtaani

Mnaanza kugombana mapema, uzi bado mbichi.

Nimependa mleta mada alivyosoma kifungu mwenyewe. Ila sheria hiyo hiyo ina kifungu cha 4, nacho ndicho kinachomhusu zaidi. Kinatoa haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, kisha kinaongeza kwamba ndani ya haki hiyo imo haki ya kila raia kuzifikia sehemu za mazingira zilizo za umma kwa ajili ya burudani, elimu, afya, mambo ya kiroho, utamaduni na uchumi. Linganisha sasa na orodha yako. Watoto wanaoogelea wamo. Ubatizo umo. Dagaa wamo. Karibu mtaa mzima umo. Na kifungu cha 5 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa, hahitaji kusubiri serikali imsemee.

Ziwa lenyewe kuwa la umma halina ubishi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema hivyo hivyo kuhusu ardhi. Kwa hiyo yule bwana, na Boss wetu hapa, hati zao ni haki ya kukaa na kutumia kwa miaka iliyoandikwa na kwa masharti yaliyoandikwa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi kimeitaja pia ardhi iliyo ndani ya mita 60 ya ufukwe wa ziwa miongoni mwa zile zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Mwenye hati ya ziwani asijione amenunua mpaka Ukerewe.

Upande wa pili sasa, maana mahakamani atakuwepo wakili wa yule bwana naye amesoma. Kifungu cha 4 kinasema sehemu zilizo za umma. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya kumiliki mali. Hakimu atawauliza hivi: ziwa ni la umma, sawa; huo udongo mliokanyaga kutoka barabarani hadi majini, nao ulikuwa wa umma? Mkikosa jibu mtarudi na nauli tu. Swali la Boss wa Bichi limekaa kwa ukorofi, lakini ndilo swali la kesi.

Sheria ya Ardhi inatambua haki za njia kwa umma na imeweka utaratibu wa kuzianzisha: maombi, matangazo, wahusika kusikilizwa, na fidia pale inapostahili. Ni mlango halali, ila ni wa polepole. Na tafadhali msibomoe ukuta usiku. Mkibomoa mtageuka washitakiwa na yeye atageuka mlalamikaji, uzi huu mtausomea rumande.

Binti Ukerewe

Nimesoma wote na naona mnazungumzia ziwa kana kwamba ni la kupigia picha.

Mimi nanunua dagaa. Mtumbwi unafika giza halijaisha. Dagaa hawasubiri, jua likikukuta hujaanika umeshapata hasara. Unahitaji njia ya mama mwenye beseni kichwani kupita bila kuinamia geti la mtu, na mahali pa kuanika pasipo kinyesi. Njia ikifungwa, kila ndoo inaongezewa hela ya boda, na hela hiyo haitoki kwa mvuvi, inatoka kwangu, halafu inatoka kwako unayenunua kopo sokoni Kirumba.

Lakini nawe mleta mada usitupambie. Vichochoro vingi visivyo na mwenyewe ndiko kokoro linapovutwa usiku, ndiko samaki wachanga wanaposhushwa kwa kukwepa mwalo wenye kikundi cha BMU (wanajamii wanaosimamia ufukwe na uvuvi) na maofisa wa uvuvi. Mwalo unaoeleweka una mizani, una kitabu, una mtu wa kuuliza. Kichochoro kina nani? Mimi niliibiwa simu kwenye njia ya namna hiyo na aliyeniibia alikuwa mtoto wa mtaa, si tajiri.

Kwa hiyo mkidai, daini njia yenye taa na choo. Choo hasa. Tuna kichocho cha kutosha.

Mpimaji Mstaafu

Nimerudi. Binti Ukerewe amesema la maana kuliko sisi wote, sasa niingie kwenye kazi yangu.

Wananchi wengi hudhani ramani ya kiwanja ni ile karatasi iliyo nyuma ya hati. Hiyo ni ya kiwanja kimoja. Kabla yake kuna mchoro wa mipangomiji wa eneo zima, ndio mafundi huita mchoro wa TP. Humo huonyeshwa barabara, viwanja, eneo la shule, maeneo ya wazi, na vichochoro vya waenda kwa miguu. Mpangaji aliyesoma, akipanga eneo la ziwani, huacha vichochoro vinavyoishia kwenye maji. Havina namba ya kiwanja. Havikuuzwa kwa mtu kwa sababu havikuwa vya kuuzwa.

Sasa sikia vizuri. Mtu akinunua kiwanja namba 12 na kiwanja namba 13 amenunua 12 na 13. Kilichokuwa katikati hajakinunua, hata akizungushia ukuta mmoja. Ili vikawe kitu kimoja lazima aombe kuunganisha viwanja na kubadili mchoro, na mabadiliko hayo yana kibali chake na karatasi zake. Wengi hawaombi. Wanajenga ukuta, wanasubiri wazee wafe na vijana wasahau.

Kwa hiyo ofisi ya kwanza si mahakama, wala NEMC (wasimamizi wa mazingira wa taifa), wala redio. Ni idara ya ardhi ya halmashauri yenu, mkaombe kuona mchoro ulioidhinishwa wa eneo hilo pamoja na ramani ya upimaji. Mwende na mwenyekiti wa mtaa, mpeleke barua yenye mhuri, mchukue nakala iliyogongwa "imepokelewa". Mkienda kwa mdomo mtajibiwa kwa mdomo.

Kama eneo halikupangwa, limeota lenyewe kama milima yetu mingi, basi saa ya kudai ni wakati wa urasimishaji, yaani makazi yanapopimwa ili watu wapewe hati. Ile kamati ya mtaa inayozunguka na wapimaji, watu wengi hubaki nyumbani wakisubiri kuitiwa hati. Hapo ndipo njia ya ziwani huandikwa au hufutwa, na ikifutwa imefutwa.

La pili ni mita 60. Mleta mada amesema mkaguzi atapima. Atapima kutoka wapi? Ziwa hili halikai mahali pamoja. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2, wazee wa visiwani wanakumbuka mashamba yaliyozama. Mei 2020 likafika tena kimo kile cha 1964. Penye mwinuko mkali kama Capri Point huwezi kuona tofauti kubwa, ila penye tambarare mita moja ya kimo huweza kuingiza maji makumi ya mita ndani ya nchi kavu. Nimewahi kupelekwa kutafuta bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, nikazikuta majini, samaki wanazizunguka. Mwenye kiwanja akashikilia kwamba eneo lake linaanzia pale, yaani anamiliki sato. Na wengine hupima mwaka wa ukame, wakajenga, maji yakirudi wanalia mafuriko.

Kaka wa Igoma

Anamiliki sato! Mzee umenimaliza.

Jaduong Dunga

Wasalaam ndugu zetu wa Mwanza. Mimi ni wa Kisumu.

Huku kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inataja mito na maziwa kuwa ardhi ya umma. Halafu kanuni zetu zinataka kando ya ziwa iachwe hadi mita 30, ikihesabiwa kutoka kimo cha juu kabisa cha maji kilichowahi kurekodiwa. Hapo Mpimaji atafurahi, angalau tumeambiwa pa kuanzia futi. Uganda wao wameandika mita 200 kwa Ziwa Victoria. Ziwa ni moja, maji ni yale yale, na sangara anavuka mpaka bila pasi, lakini nchi tatu zina futi tatu.

Ila msituonee wivu. Karatasi tunayo na bado ukitaka kukaa kando ya ziwa uangalie machweo, mara nyingi lazima uagize samaki. Hakuna mahali Katiba imesema nani aweke njia.

Msukuma Ughaibuni

Nipo Michigan, jimbo lililozungukwa na maziwa makubwa yasiyo na kupwa wala kujaa, kwa hiyo ugomvi wao unafanana na wetu kuliko wa Tanga.

Huku kulikuwa na kesi ya Glass dhidi ya Goeckel. Mama mmoja alikuwa akitembea pembezoni mwa Ziwa Huron, majirani wenye nyumba za ufukweni wakataka kumzuia. Mahakama Kuu kabisa ya jimbo ikaamua 2005 kwamba umma una haki ya kutembea ufukweni hadi kwenye alama ya kawaida ya maji ya juu, hata pale ambapo hati ya mwenye nyumba inafika majini. Hoja ilikuwa kwamba serikali inalishika ziwa kwa amana ya wananchi, na haiwezi kuigawa amana hiyo pamoja na kiwanja. Kwa kuwa maji hupanda na kushuka, alama hutafutwa kwa dalili zilizopo ardhini, mahali maji yalipoacha mstari kwenye udongo na mimea.

Lakini haki hiyo ni ya kutembea ukishafika. Haikumpa mtu ruhusa ya kukatiza uwanja wa mwenzake ili afike. Watu hufika kupitia hifadhi za umma na barabara za umma zinazoishia ziwani, na hizo barabara nazo zina kesi zake: nani afunge boti, nani apige kelele usiku. Mleta mada alichosema mwanzo ndicho hicho hicho huku. Kupata ufukwe na kupata mlango ni kesi mbili.

Ndugu zangu, kuna baridi huku. Mtu akinipigia picha ya dagaa wabichi nitashukuru. Wabheja.

Boss wa Bichi

Naona mmeleta mpaka Michigan kunipiga.

Niseme hivi. Kama mchoro una njia na mimi nimeiziba, nitaifungua, nina watoto na mimi, sitaki laana za wazee. Ila nijibiwe hili ambalo hata Binti Ukerewe ameligusa: nani atafagia? Mnaondoka na ushindi wenu, mimi nabaki na chupa. Halmashauri inachukua ushuru mwaloni na haijawahi kuniletea hata pipa la taka. Mkiniambia njia iwe wazi kuanzia alfajiri hadi jua likizama, mtaa uwe na kamati yake na pipa lake, hata geti nitatoa mwenyewe.

Wakili wa Mtaani

@Boss wa Bichi pendekezo zuri, lakini mleta mada asikie hatari yake. Yule bwana akija na maneno matamu, "nitawafungulia asubuhi na jioni", msikubali kwa kupeana mikono. Mkishakubali, mnapita kwa ruhusa yake. Siku akiuza kiwanja au akigombana na mwenyekiti, ruhusa imeondoka naye. Saa za kufungua zijadiliwe baada ya njia kuingia kwenye mchoro.

Na mkifikia hatua ya kuishtaki halmashauri kwa kushindwa kulinda njia, kumbukeni notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Wengi hutupwa nje kwa hilo kabla shahidi hajasimama. Nakala za barua zenu pelekeni pia NEMC kanda na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ofisi zao ziko hapo hapo Mwanza, msisingizie nauli.

Kaka wa Igoma

Mleta mada umekimbia? Mchoro umeuona au bado?

Jiwe la Ziwa

MREJESHO.

Wakuu samahani kwa kimya. Nilifuata ushauri wa Mpimaji, barua ikaenda na mhuri wa mtaa, na baada ya njoo kesho za kutosha tukaonyeshwa mchoro.

Njia ipo. Imechorwa vizuri kabisa, inatoka barabarani inaishia kwenye maji. Nilitaka kupiga vigelegele hapo hapo kaunta.

Haipo tulipokuwa tunapita.

Kile kichochoro chetu, kwenye mchoro ni sehemu ya kiwanja cha yule bwana, ndani kabisa ya mpaka. Njia halali iko viwanja kadhaa upande wa kusini. Na ndani ya njia hiyo kuna jiko la nje, choo na banda la mbuzi la mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu wa heshima zake, aliyekuwa mstari wa mbele kuliko sote kulaani ukuta. Amejenga miaka mingi. Nyumba yake ilipozinduliwa nilikula pilau hapo. Mwenyekiti alipoona mchoro alikunja karatasi taratibu akasema tutafute chai kwanza.

Sasa semeni.

Boss wa Bichi

Sicheki. Naapa sicheki.

Kaka wa Igoma

Mimi nacheka. Karanga zimenipalia.

Binti Ukerewe

Hamna cha kucheka. Huyo mzee aondolewe kwa utaratibu ule ule mliotaka kumwondolea tajiri. Au ule ulikuwa kwa wenye magari tu?

Jiwe la Ziwa

@Binti Ukerewe ukimwona utamhurumia. Mbuzi wenyewe ni wanne.

Mpimaji Mstaafu

Nilikutana na mambo haya kila wilaya niliyofanya kazi. Mitaani tajiri huziba njia kwa ukuta, maskini huziba kwa banda, na mchoro haubagui.

Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kumpa mzee notisi kupitia halmashauri, asaidiwe kuhamisha choo na jiko ndani ya kiwanja chake, kama nafasi anayo. Kwa kawaida ipo, alitanua tu. Njia ikishakuwa wazi, mpimaji wa halmashauri aweke bikoni pande zote mbili, za zege, zenye namba.

Ya pili ni kubadilishana. Yule bwana ana viwanja viwili na kichochoro chenu cha zamani kimepita katikati yake. Akikubali kutoa ukanda pembeni mwa kiwanja chake, hapo karibu na mlipozoea kushukia, mchoro unarekebishwa: njia inahamia kwake, na ule ukanda wa kusini unaangaliwa upya na mamlaka. Yeye anapata nini? Anapata amani, na anapata karatasi inayosema ukuta uliobaki ni halali. Watu wa namna yake hupenda karatasi. Ila marekebisho ya mchoro yana matangazo na muda wa pingamizi, si kazi ya wiki moja, na mzee wa mbuzi asifikiri ukanda ule utageuka wake moja kwa moja.

Kabla ya yote nendeni mkaangalie njia halali inaishia wapi. Nimeona michoro iliyochorwa mezani na mtu ambaye hakufika, njia inaishia juu ya jiwe la ghorofa mbili. Kisheria mmefika ziwani, ila mtaruka.

Jiwe la Ziwa

Tumeenda kuangalia na vijana. Chini kuna mchanga, kidogo ila upo, na kina si kirefu. Mitumbwi inaweza kuegeshwa miwili mitatu. Kwa kufulia pazuri kuliko pa zamani.

Na mzee mwenyewe nimekaa naye. Hakukataa. Alichosema ni kwamba choo atahamisha yeye, jiko atahamisha yeye, ila mchango wa saruji utoke kwa wale wote watakaopita. Mwenyekiti ameitisha mkutano wa mtaa Jumamosi, yule bwana wa ukuta kaalikwa kwa barua. Sijui atakuja au atamtuma mlinzi.

Wakili wa Mtaani

Akija au asije, muhtasari uandikwe, mahudhurio yasainiwe, na uamuzi utaje namba ya mchoro. Mzee naye aandike kwa hiari yake kwamba anatambua ukanda huo ni njia. Hilo ni la thamani kuliko hotuba zote mtakazotoa hiyo Jumamosi.

Binti Ukerewe

Na choo cha umma? Au mmeshasahau?

Jiwe la Ziwa

Kipo kwenye ajenda, mama. Namba tatu.

Mpimaji Mstaafu

Upana uandikwe kwa tarakimu. Mchoro unasema mita ngapi?

Jiwe la Ziwa

Tatu.

Binti Ukerewe

Tatu hazitoshi mtumbwi ukibebwa na watu pande zote mbili huku mama anashuka na beseni.

Mpimaji Mstaafu

Tatu za kwenye mchoro msiziguse. Moja ya ziada muombeni jirani wa upande wa pili kabla hajajenga uzio, na muende Jumamosi mkiomba mbili.